Siri ya Nyumba Mbele ya Hakimu

Nyumba za mwambao zilijengwa kwa mpango unaofahamika na kila aliyekulia humo. Nje pana baraza, ambapo mpita njia hukaribishwa kwa kikombe cha kahawa. Kisha pana mlango, na nyuma ya mlango ukumbi, na ndani kabisa chumba ambacho mgeni hakifiki. Lugha nayo imefuata mpango huo huo. Mtu mwema husifiwa kwa kusitiri, mtu mbaya hulaumiwa kwa kufichua, na wahenga wamekwisha kusema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ndiyo maana shauri la talaka huwa zito kulifikisha mahakamani. Mke anayetaka ndoa yake ivunjwe kwa kunyimwa matunzo, au kwa kupigwa, hana budi kuyatoa nje yaliyopita chumbani. Hayo asemayo huandikwa na karani, hutiwa katika jalada, na jalada huwekwa rafuni. Tangu hapo huzuka swali ambalo halijapata jawabu la kudumu: maneno yale ni ya nani? Ni ya mke na mume, ni ya mahakama, au ni ya umma mzima?

Kwa nchi zetu swali hili lina ukoo wake. Unguja na Pemba zilipotiwa chini ya himaya ya Waingereza mwaka 1890, makadhi waliendelea kuamua mambo ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Lakini pembeni yao zilisimamishwa mahakama zilizofuata desturi ya Kiingereza, nayo ilishika kanuni kwamba haki itendwe mlango ukiwa wazi, ili yeyote apendaye aingie akae asikilize. Kanuni hiyo imebaki Tanzania na Kenya hata baada ya bendera za wakoloni kuteremshwa. Kwa hiyo ni vyema kutazama jinsi wenyewe walioileta walivyohangaika nayo katika jambo la talaka, kwani mzozo wao ulidumu kwa miaka sabini hivi, kuanzia mwaka 1857 hadi 1926. Katika mzozo huo wako wanawake watatu ambao habari zao, zikiwekwa pamoja, hufundisha zaidi ya vitabu vingi vya sheria.

Kabla ya mwaka 1857 talaka kamili nchini Uingereza ilikuwa anasa ya matajiri. Mahakama za kanisa ziliweza kuwatenganisha mume na mke, lakini hazikuwapa ruhusa ya kuoa au kuolewa tena, na ushahidi wake ulichukuliwa kwa maandishi, si kwa midomo ya mashahidi mbele ya watu. Aliyetaka kuoa tena akiwa mkewe yu hai ilimpasa apitishiwe sheria yake binafsi Bungeni. Sheria za namna hiyo zilizopitishwa hazikuzidi mia chache, na katika hizo ni wanawake 4 tu waliofanikiwa kuipata. Sheria ya mwaka 1857 ikaunda mahakama maalumu ya talaka jijini London, iliyofungua milango yake Januari 1858. Mizani yake haikuwa sawa. Mume alitosheka kuthibitisha kwamba mkewe amezini, ilhali mke alitakiwa kuthibitisha zinaa pamoja na kosa jingine, mathalani ukatili au kutelekezwa kwa miaka 2. Tofauti hiyo haikuondolewa hadi mwaka 1923.

Jambo ambalo waliotunga sheria hawakulipima sawasawa lilikuwa mlango. Mahakama mpya ilikaa hadharani kama mahakama nyingine za nchi, na mashahidi wakasema kwa sauti. Waandishi wa magazeti wakajaza viti. Yale ambayo zamani yalifungiwa katika karatasi za kanisa sasa yalisomwa asubuhi pamoja na bei za bidhaa na habari za meli.

Mwanamke wa kwanza kati ya hao watatu alinaswa na mlango huo mapema kabisa. Isabella Robinson alikuwa mke wa mhandisi aitwaye Henry Robinson, na alikuwa na ada ya kuandika shajara. Mwaka 1856 alipokuwa mgonjwa kitandani huko Boulogne, Ufaransa, mumewe aliichukua shajara ile akaisoma. Humo alikuta kurasa zilizoeleza mapenzi ya mkewe kwa daktari Edward Lane, aliyeendesha nyumba ya tiba ya maji huko Moor Park, mahali ambapo hata Charles Darwin alikwenda kutibiwa. Katika mwezi wa Juni 1858 mume akaipeleka shajara mahakamani, na ikawa ndiyo ushahidi wake mkubwa. Kurasa zikasomwa mbele ya majaji, na magazeti yakazichapa.

Tazama hali ya mwandishi wa kurasa zile. Sheria ya wakati huo haikumruhusu mke aliyeshitakiwa zinaa kutoa ushahidi wake mwenyewe. Ruhusa hiyo ilikuja mwaka 1869. Basi maneno aliyoyaandika bila kumkusudia msomaji yeyote yalinguruma mahakamani, ilhali kinywa chake kimefungwa. Mawakili wake hawakuona njia ya kumwokoa ila kudai kwamba maradhi ya kike yalimvuruga akili akaandika ndoto kana kwamba ni mambo yaliyotokea. Mwaka 1859 mahakama ilikataa kumpa mume talaka, kwa kuwa shajara peke yake haikutosha. Kwa maneno ya kisheria, mke alishinda. Lakini nchi nzima ilikwisha kumsoma, na ushindi wake ulisimama juu ya hoja kwamba hana akili timamu. Shajara yenyewe imepotea. Kilichobaki ni vipande vile tu vilivyonakiliwa na mahakama na magazeti, na kutokana na hivyo, mwaka 2012, mwandishi Kate Summerscale aliandika kitabu kizima juu ya maisha yake. Kile ambacho mwenyewe angetaka kiteketee ndicho kilichosalia.

Mwaka huo huo wa 1859 Malkia Victoria alimwandikia mkuu wa mambo ya sheria katika serikali yake, Lord Campbell, akiuliza kama hakuna njia ya kuyazuia magazeti yasichape habari za mahakama ile. Aliona kwamba zilikuwa zikiharibu tabia za vijana kuliko riwaya za Kifaransa ambazo wazazi walizificha. Jawabu alilopewa ni kwamba hapakuwa na uwezo huo. Linalofaa kuzingatiwa katika malalamiko ya Malkia ni yule aliyeonewa huruma. Hakuwa mke ambaye siri yake imemwagwa. Alikuwa msomaji ambaye macho yake yameona. Huruma hiyo iliyoelekezwa upande mmoja itarudi tena mwishoni mwa kisa hiki. Wala kasri lenyewe halikusalimika, maana mwaka 1870 mwana wa Malkia, mrithi wa kiti chake, aliitwa kutoa ushahidi katika shauri la talaka la jamaa ya Mordaunt.

Si haki, hata hivyo, kusema kwamba mlango wazi ulileta hasara tupu. Mlango ule ulimtazama jaji kama ulivyowatazama wadaiwa. Kwa sababu watu walikuwa wakisoma kesi hizo kila wiki, ilizidi kuonekana jinsi sheria ilivyompima mume kwa kibaba na mke kwa pishi. Mambo ambayo yangebaki minong'ono ya majirani, kama vile kipigo, maradhi yaliyoletwa nyumbani na mume, na mali ya mke kuliwa, yalipata ushahidi wa kiapo. Anayetaka mlango ufungwe kabisa hana budi kujibu swali hili: dhuluma itendwayo gizani itarekebishwa na nani?

Mwanamke wa pili ndiye anayelileta swali hilo mbele, na kisa chake ni kinyume cha kisa cha wa kwanza. Annie Scott aliomba ndoa yake ibatilishwe kwa sababu mumewe hakuweza kutimiza unyumba. Mashauri ya namna hiyo yalikuwa yakisikilizwa faraghani, kwa desturi iliyorithiwa kutoka mahakama za kanisa, na shauri lake likasikilizwa milango ikiwa imefungwa. Mwaka 1911 alipata alichokiomba. Lakini baadaye mume alisema maneno ya kumvunjia heshima, na mke hakuwa na ngao ila yale yaliyosemwa mahakamani. Akapata nakala ya maneno hayo yaliyonukuliwa kwa hatimkato, akawapelekea watu watatu tu, wawili kati yao wakiwa baba na dada wa mume. Kwa kitendo hicho yeye na wakili wake walitiwa hatiani kwa kuidharau mahakama.

Hapo faragha iligeuka. Pazia lililotundikwa ili kumsitiri likawa kitambaa cha kumziba mdomo. Mume aliweza kusema alitakalo barazani, ilhali mke, mwenye ushahidi wa kiapo mkononi, haruhusiwi kuutoa hata kwa mkwewe. Shauri lilipanda hadi Baraza la Malodi, na mwezi wa Mei 1913 Baraza likaifuta hatia ile. Mabwana wale walisema kwamba kanuni ni mlango wazi, na kwamba jaji hana ruhusa ya kuufunga kwa sababu tu habari zinatia haya au zinachukiza. Unaweza kufungwa pale tu ambapo, pasipo kuufunga, haki yenyewe haitapatikana, au pale ambapo mahakama imesimama kama mlezi, kama katika mambo ya watoto na wagonjwa wa akili. Uamuzi huo umekuwa nguzo katika nchi zote zilizorithi sheria ya Kiingereza. Wengi huusoma kama hukumu juu ya uhuru wa habari. Ni wachache wakumbukao kwamba ulianza na mke aliyetaka jina lake lisafishwe mbele ya watu watatu.

Mwanamke wa tatu alirudisha kelele zile zile za mwaka 1858, zikiwa kubwa zaidi. Christabel Russell aliolewa mwaka 1918 na mrithi wa Lord Ampthill. Mwezi wa Oktoba 1921 alijifungua mtoto wa kiume, na mumewe akamkana, akidai hawakupata kukutana kimwili kwa namna ya kumpatia mimba. Kesi ilisikilizwa mwaka 1922, baraza la wazee wa mahakama likashindwa kukubaliana, na ikasikilizwa tena mwaka 1923. Yaliyosemwa juu ya mwili wa mama yule, na ya madaktari waliompima, yalichapwa magazetini siku baada ya siku kwa kirefu ambacho hakijapata kuonekana. Mfalme George wa Tano, mjukuu wa Victoria, akalalamika kwa serikali yake kama bibi yake alivyolalamika. Mwaka 1924 Baraza la Malodi liliamua kwa kura 3 dhidi ya 2 kwamba mume na mke hawaruhusiwi kutoa ushahidi wa kuonyesha kwamba hawakukutana, ili kumfanya mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa kuwa haramu. Mtoto akabaki wa halali. Hata hivyo, mwaka 1976, baada ya mume kufariki, mtoto huyo, sasa mtu mzima wa miaka zaidi ya 50, ilimbidi asimame mbele ya kamati ya Baraza lilo hilo kutetea nasaba yake tena. Alishinda. Lakini nusu karne ilikuwa imepita, na chumba cha wazazi wake kilikuwa bado wazi.

Kutokana na kelele hizo ikapitishwa sheria ya mwaka 1926, ambayo ilikomesha uchapishaji wa kirefu wa kesi za talaka. Magazeti yalizuiwa kutoa mambo machafu ya maungo na utabibu. Kuhusu talaka, yaliruhusiwa kuchapa mambo machache tu: majina, anwani na kazi za wahusika na mashahidi, muhtasari wa madai na majibu, hoja za sheria, na maneno ya jaji pamoja na uamuzi. Sheria hiyo ilitangaza lengo lake katika kichwa chake, nalo ni kuzuia madhara kwa maadili ya umma.

Hapa ndipo huruma ya upande mmoja inaporejea. Tazama kilichozuiwa na kilichoachwa. Maelezo yaliyomtia haya msomaji yaliondolewa. Jina la mke, mtaa anaokaa na kosa analodaiwa viliendelea kuchapwa. Kama lengo lingekuwa kumsitiri mwenye nyumba, jina ndilo lingekuwa la kwanza kufichwa, na maelezo yangeachwa yafundishe. Sheria ilifanya kinyume chake. Ililinda jicho la msomaji, ikaacha aibu ya msomwaji.

Yaliyoondolewa gazetini hayakuondoka duniani. Majalada ya mahakama ile yalihifadhiwa, na leo yamo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa huko Kew, pembezoni mwa London. Yale ya kuanzia mwaka 1858 hadi miaka ya 1930 yamesalia karibu yote, na mtu yeyote anaweza kuyaomba na kuyasoma. Ya baadaye yaliteketezwa kwa wingi, yakabakizwa machache kuwa mfano. Mtafiti wa historia ya wanawake huyaona majalada yale kuwa hazina, na ni kweli, kwani hakuna pengine ambapo mke wa fundi au wa karani wa mwaka 1890 amesimulia maisha yake. Lakini hazina hiyo ilikusanywa kwa kuwalazimisha watu waseme. Hakuna hata mmoja aliyesema ili sisi tusome.

Kutoka Kew turudi pwani, kwani jambo lenyewe halikuwa la Waingereza peke yao. Mtafiti wa Kimarekani Susan Hirsch alikaa katika mahakama za makadhi za Mombasa na Malindi katika miaka ya 1980, na kitabu chake kilitoka mwaka 1998. Alikuta kwamba wadai wengi walikuwa wanawake, na kwamba aghalabu walishinda. Alikuta pia mtego waliotiwa na ada. Mke mwema hutarajiwa kuvumilia na kuhifadhi siri za nyumba; akisimama mbele ya kadhi kusimulia, amekwisha kuvunja taswira ya mke mwema, na pasipo kusimulia hapati haki. Mtafiti mwingine, Erin Stiles, aliyechunguza mahakama ya kadhi ya shamba kisiwani Unguja, alionyesha jinsi makarani wanavyoyachukua masimulizi marefu ya mwanamke na kuyatengeneza kuwa madai mafupi yanayokubalika kisheria. Katika kuyafupisha, karani hufanya kazi mbili kwa kalamu moja: humwezesha mwenye shauri kusikilizwa, na mara nyingine humsitiri. Mahakama ya kadhi ina njia yake ya kuugawa mlango, kwa suluhu za wazee kabla ya shauri, kwa chumba kidogo, na kwa sauti ya chini. Njia hiyo ina rehema ndani yake. Ina hatari pia, kwa maana mwanamke anayesihiwa asubiri na asitiri anaweza kusihiwa mpaka kaburini.

Ipo kesi moja ya Tanzania ambayo kila mwanasheria huijua kwa jina la mwanamke aliyekata rufaa. Jina hilo halitatajwa hapa, kwa kuwa hakuwa mtu wa kasri wala hakuandikiwa kitabu. Mwaka 1983, mbele ya Mahakama ya Rufani, mama huyo aliyekuwa mke wa nyumbani alidai fungu katika mali iliyopatikana wakati wa ndoa. Mahakama iliamua kwamba kupika, kufua na kutunza nyumba ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Maneno hayo yamewanufaisha wanawake wasiohesabika tangu siku ile, na yasingewanufaisha kama hukumu isingechapishwa. Lakini yeye mwenyewe alishindwa. Mahakama iliandika kwamba alikwisha kupewa fedha na mumewe na kuzitumia vibaya, na hilo likachapishwa pia, likafungamana na jina lake. Kila wakili anayeisoma kesi ile ili kumtetea mama mwingine huanza kwa kutaja jina la mama yule, na pamoja na jina hubeba lawama. Umma ulikuwa na haja ya kanuni. Je, ulikuwa na haja ya jina?

Jirani zetu wa Kenya wamejibu kwa vitendo: hukumu zao nyingi za ndoa huchapishwa kwa herufi za mwanzo za majina. Nchini Tanzania hukumu za mahakama za juu huwekwa kwenye intaneti, na za ndoa mara nyingi hubeba majina kamili. Zamani jalada lililokuwa wazi lilihitaji nauli, siku nzima, na karani wa kulitafuta rafuni. Taabu hiyo ilikuwa sitara bila ya mtu kuipanga. Sasa mtoto wa shule anaweza kulipata jalada la wazazi wake kwa kuandika jina la ukoo. Sheria haikubadilika hata neno, lakini mlango umepanuka.

Huko Uingereza, sheria mpya iliyoanza kutumika tarehe 6 Aprili 2022 imechukua njia nyingine. Mume au mke hutangaza tu kwamba ndoa imevunjika, na hatakiwi kutaja kosa la mwenziwe. Baada ya miaka 165 nchi iliyowalazimisha watu kusema imegundua kwamba, kwa talaka yenyewe, haikuwa na haja ya kusikia. Mabishano yamehamia kwenye mali na watoto, na huko majaji wameanzisha utaratibu wa kuwaruhusu waandishi waingie na kuandika, mradi wasiwatambulishe wenye shauri.

Ukiwaweka pamoja wale wanawake watatu, na mama yule wa mwaka 1983, huoni kwamba mlango wazi ni haki daima wala kwamba mlango uliofungwa ni sitara daima. Isabella Robinson alitaka kunyamaza, akasomwa. Annie Scott alitaka kusema, akazibwa. Christabel Russell alifunguliwa chumba chake, na sheria ilipokuja ilikuja kumlinda msomaji. Mama wa Mahakama ya Rufani aliacha kanuni yenye manufaa, akalipa kwa jina lake. Katika visa vyote vinne waliopitisha uamuzi juu ya mlango walikuwa wengine: mume, jaji, mwenye gazeti, mtunga sheria, mtunza nyaraka. Mwenye siri hakuulizwa.

Umma una haki ya kumtazama hakimu: namna alivyosikiliza, kanuni aliyoifuata, mizani aliyoishika. Haki hiyo haihitaji mtaa wala jina la mwenye shauri. Mwenye shauri naye ana haki ya kuubeba ukweli wake hadi kwa mkwewe, akiona lazima, bila ya kutishwa kwa jina la faragha. Kuzigawa haki hizi mbili si kazi ngumu kwa karani mwenye kalamu na nia. Kwenye rafu za mahakama zetu, Unguja na Pemba, Mombasa na Dar es Salaam, yamo majalada ambayo wenyewe wangali hai, wameolewa tena, wana wajukuu. Kabla halijafunguliwa jalada lolote kati ya hayo, au kutiwa kufuli la milele, ni wajibu kwanza kubisha hodi.